Mwalimu Agar na Mtoto wa Mgongoni

Watu wa Butembo wakimkumbuka wifi yangu Agar, wanamkumbuka kwa jambo moja: katika miaka ya vita alifundisha miezi na miezi akiwa amebeba mwanafunzi mgongoni. Wanalisimulia sokoni kama kichekesho. Wengine wanaongeza kwamba alikuwa amerukwa na akili kwa sababu hakuzaa. Mimi ni mjane wa kaka yake. Nimekaa naye nyumba moja tangu mwaka 1997, na sikumwona akirukwa na akili hata siku moja. Nilimwona akichoka. Kwa hiyo naandika jinsi ilivyokuwa, ili wajukuu wa ukoo wetu wasije wakaisikia habari hii kwa wauza mandazi.

Agar alizaliwa Masereka, kule juu kwenye baridi, ambako watu wanalima viazi na vitunguu na kuvaa koti mwaka mzima. Baba yake alikuwa shemasi wa kanisa la Kiprotestanti. Kati ya watoto tisa aliweza kuwasomesha wawili tu: Siméon Lusenge, aliyekuja kuwa mume wangu na direkta wa shule, na Agar, kitinda mimba. Agar alipata diploma ya ualimu, akaolewa Beni na mtu wa malori aliyeitwa Luc. Walikaa miaka minane. Mtoto hakuja. Luc hakumfukuza. Alileta mwanamke mwingine nyumbani, mwanamke yule akazaa mapacha, na Agar akarudi Butembo na sanduku moja na godoro lililokunjwa. Nilimpokea kwa sababu alikuwa dada ya mume wangu, na pia kwa sababu majirani walikuwa wanatazama.

Mume wangu alifariki mwaka uleule kwa ugonjwa wa ini. Alimwacha Agar akifundisha darasa la mwaka wa kwanza katika shule ambayo yeye mwenyewe aliiongoza miaka kumi na tisa. Ni shule ya kanisa, ya matofali, na mikaratusi imeizunguka pande tatu. Aliacha pia sheria yake.

Sheria hiyo lazima niieleze. Mtoto akikosa nidhamu, jina lake linaandikwa katika kitabu. Akiandikwa mara tatu, anatoka shuleni mpaka mwaka wa masomo unaofuata. Hakuna kubembeleza, hakuna kumletea direkta kuku. Wakati wa mume wangu mtoto wa mfanyabiashara alitoka sawasawa na mtoto wa mchoma makaa, na jambo hilo ndilo lililotupa heshima. Mji mzima uliiita sheria ya Lusenge. Kanisani, miaka mingi baada ya mazishi, watu walikuwa bado wananisogezea nafasi kwenye benchi la mbele kwa sababu yake.

Baada ya mume wangu alikuja direkta Paulin. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na vita vilimkuta na karatasi mkononi. Askari wa Uganda walikuwa Beni na Butembo, wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa vilimani, na watu wa vijijini walikuwa katikati, wanakimbia huku na huku na magodoro kichwani. Septemba ya mwaka 2000 Agar alipewa watoto themanini na saba katika chumba kimoja. Walikaa watano watano kwenye benchi la watu watatu.

Paulin aliitumia sheria ya Lusenge kwa madarasa yote, hata kwa watoto wa miaka sita. Watoto waliotoka upande wa Vuhovi walichelewa, kwa sababu bariyeri haikufunguliwa mpaka askari wamalize chai yao. Waliandikwa. Wengine walijikojolea lori likipiga mshindo barabarani. Waliandikwa pia, kwa uchafu. Wengine walipigana, wengine walitoka darasani bila ruhusa wakakutwa wamejificha chooni. Kufika Noeli, watoto ishirini na wanane walikuwa wamekwisha kutoka. Hakuna aliyetamka kwamba sheria ilikuwa inatupunguzia watoto tusiokuwa na mahali pa kuwakalisha. Lakini wote tuliona kwamba kwenye mabenchi watu walianza kupumua.

Agar alikuwa akirudi saa saba mchana, anavua viatu mlangoni, anakaa jikoni bila kusema. Siku moja alisema.

"Mulamu," aliniambia, maana hivyo ndivyo tulivyoitana kwa desturi ya kwetu, "leo bameondoa mwengine. Iko na miaka sita. Bamemuandika mara tatu juu ya kukojoa."

"Sheria ni sheria," nikamjibu. "Nani atatuma mutoto wake kwa masomo yenye haina sheria?"

"Miye hapana kukatala sheria. Minauliza tu: bale batoto banaendaka wapi?"

"Kwao."

"Kwao ni wapi, mulamu? Kwao kuliungua."

Nilimwambia ale, chakula kinapoa.

Walikokwenda tulikujua wote, kila mmoja kwa upande wake. Walikwenda sokoni. Wauza mandazi walianza kufunika beseni zao kwa nyavu, kisha wakaanza kutembea na fimbo. Wenye maduka ya vitambaa, ambao zamani walifunga kwa kufuli moja, waliweka walinzi. Wasukuma chukudu, wale wanaoteremsha mizigo kwa baiskeli za mbao, walisema hawawezi tena kusimama hata kujifuta jasho, gunia linatobolewa. Mji uliokuwa ukijisifu kwamba mtu analala mlango wazi ulianza kuwaogopa watoto wenye meno ya maziwa. Kila mtu alilalamika, na hakuna aliyeuliza watoto hao walikuwa wametoka wapi.

Oktoba ya mwaka huo alifika Kakule. Alikuwa na miaka saba, amekuja na nyanya yake kutoka upande wa Vuhovi, na nyanya yule alikuwa akiuza sombe, majani ya muhogo, kando ya barabara. Mtoto hakusema neno. Nyanya naye alisema machache: kwamba walitokewa kwa nyuma, wakiwa shambani, yeye na mtoto wakapona, wengine hapana. Agar alimweka mstari wa pili. Siku ya nne, wakati wa kupanga mstari, mvulana mmoja alimshika Kakule shati kwa nyuma. Kakule aligeuka akamuuma mkono. Akaandikwa mara ya kwanza. Novemba, msichana anayeitwa Christa, binti wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa katika kamati ya wazazi, alimgusa bega ili amrudishie kalamu. Kakule alimuuma mpaka damu ikatoka. Akaandikwa mara ya pili.

Kesho yake asubuhi Agar alichukua kikwembe changu cha kijani kwenye kamba ya nguo, bila kuniomba. Alipofika darasani aliinama, akampandisha Kakule mgongoni, akamfunga kama anavyofungwa mtoto wa miezi sita, akaanza somo la hesabu.

Nilielezwa na watu watatu kabla hajarudi nyumbani. Nilikwenda mwenyewe kutazama, siku ya pili, nikisingizia kwamba nampelekea mwavuli. Mtoto alikuwa mwembamba, lakini miguu yake ilining'inia karibu na magoti ya wifi yangu. Agar alifundisha akiwaelekea watoto, mgongo ukiwa kwenye ubao, ili asiwepo mtu nyuma ya Kakule. Alipotaka kuandika, hakugeuka. Alisimama ubavu ubavu, akinyoosha mkono mbali, na herufi zake zililala kama mtama uliopigwa na upepo. Watoto walinakili vile vile. Mpaka leo nikiona barua ya mtu wa rika lile yenye mwandiko uliolala upande, najua alisomea wapi.

Walimu wenzake hawakumwacha.

"Mwalimu Agar, utazaa siku gani?" mmoja alimuuliza uani, na wengine wakacheka. "Mimba ya mugongo inakawiaka kabisa."

"Huyu amesha ota meno," Agar akajibu. "Unaweza kumugusa kama unataka kuhakikisha."

Mimi nilimsema nyumbani, tena vibaya. Nilimwambia kwamba mwalimu mwenye diploma hafanani na yaya. Nilimwambia afikiri jina la kaka yake.

"Kaka yangu," alisema, akiwa amelala kifudifudi sakafuni ili mgongo upoe, "alinibebaka toka Masereka mpaka kwenye barabara kubwa. Nilikuwa na miaka munane, na kidonda ya muguu. Batu balicheka pia. Hakukuambiaka?"

Hakuwa ameniambia.

"Na kama unamubeba juu ya kuogopa kitu nyuma yake, basi mukalishe kwa ukuta," nikasema. "Kule mwisho."

"Nilijaribu. Ukuta haina pumzi, mulamu. Anatakaka kusikia mutu anapumua."

Februari binti yangu Falonne alijifungua Beni, nikapanda lori kwenda kumwona. Tulikuwa kama watu arobaini juu ya magunia. Kabla ya kufika, mahali penye kona, palikuwa na kamba imefungwa kukata barabara, na mtoto ameishika upande mmoja. Alikuwa amevaa kofia ya askari iliyomfunika masikio, kama kadogo, maana ndivyo watoto askari walivyoitwa. Tuliteremshwa wote. Nilipofika chini, mtoto yule aliachia kamba, akabana miguu, akafunga mikono kifuani kama Agar anavyowafundisha wa mwaka wa kwanza, na kunisalimu kwa sauti ya kuimba: "Bonjour, Madame."

Nilimtambua. Alikuwa Kambere. Alitolewa mwezi wa kumi na moja kwa kuchelewa mara tatu. Alikuwa akitoka mbali, ng'ambo ya bariyeri.

Mkubwa wao, kijana mwenye ndevu chache na majani yamefungwa mkononi kama wafungavyo Mai-Mai, alifurahi sana.

"Kumbe munajuana. Mama, huyu ni wa masomo yenu?"

"Alikuwa," nikasema.

"Iko na akili. Anahesabu mpaka mia, anasoma na jina ya lori. Muliondoa mutoto kama huyu juu ya nini?"

Wenzake walikuwa wanapita kati ya abiria, wakichukua kuku wa huyu, sabuni ya yule, viatu vya mwanamke aliyekuwa na mimba.

"Hapana kuhuzunika, mama," akaendelea, kwa upole kabisa, kama mtu anayemshukuru jirani. "Mupe direkta wenu salamu yetu. Muambie aendelee vile. Siye hatuna masomo ya kufundisha bakadogo. Munabaanza kule, tunabamaliza huku."

Kikapu changu hawakukigusa. Kambere alikuwa amemwambia mimi ni nani. Watu thelathini na tisa waliporwa barabarani siku ile, na mimi nilipanda lori na maziwa ya mjukuu wangu salama, na njia yote hadi Beni hakuna aliyesema nami. Niliporudi Butembo sikumweleza Agar. Sikumweleza mtu. Nilijiambia kwamba nalinda jina letu.

Mwanzoni mwa Machi, katikati ya somo la kusoma, upepo uliupiga mlango wa bati wa ofisi ukaufunga kwa kishindo. Kakule alimuuma Agar begani. Agar hakukatisha neno. Alimaliza silabi, akawapa watoto kazi ya kunakili, akafundisha mpaka saa sita. Angelificha, na mimi nafikiri alikwisha kuficha mara nyingine kabla ya hiyo. Lakini blauzi yake ilikuwa nyeupe, na damu ilipenya. Mwalimu mmoja aliiona. Paulin alifungua kitabu akaandika kwa mkono wake mwenyewe: Kakule, mara ya tatu. Akaitisha baraza la nidhamu kwa Alhamisi, baada ya masomo.

Nilimkuta Agar nyuma ya nyumba anafua ile blauzi.

"Akiondoka, mutoto ataenda kukaa barabarani na sombe ya nyanya yake," alisema bila kuniangalia. "Kule mbele ya barabara bakubwa ba kadogo banapita kila siku ya soko. Wiki mbili, mulamu. Haitafika tatu." Alikamua mkono wa blauzi. "Na miye nitaondoka naye. Nimesha kuambia mbele, usiseme sikukuambia."

Nilielewa maana yake. Dada ya Lusenge angetoka katika shule ya Lusenge kwa sheria ya Lusenge, na mji wote ungekuwa na la kusema hadi Pasaka na baada yake. Sitaki kujifanya kwamba siku hiyo nilimfikiria mtoto kwanza.

Baraza lilikaa katika darasa la mwaka wa sita, kwa sababu mabenchi yake ni marefu. Palikuwa na Paulin, Mchungaji Jéthro kama mwenye shule, Papa Christa, baba wa yule msichana, kwa wazazi, akina mama wawili wa kamati, na mimi, ambaye tangu mume wangu afe nilipewa kiti cha kudumu. Agar aliingia wa mwisho. Kakule alikuwa mgongoni kwake, amefungwa kwa kikwembe changu cha kijani, uso ameuegemeza upande wa bega lisilokuwa na kidonda.

"Mwalimu, mushushe mutoto," Paulin akasema. "Asimame, tumusomee makosa yake."

"Hapana, direkta. Hatashuka."

"Donc tunaanza vipi?"

Hapa msomaji asiyetoka kwetu ataona kwamba Agar alikuwa anakaidi tu. Lakini Masereka, mwanamke akienda mbele ya wazee na mtoto mgongoni, neno la mtoto haliguswi mpaka ateremshwe. Walituambia tangu utoto kwamba aliye mgongoni hana miguu chini, na asiye na miguu chini hahukumiwi; ukimsemea, unamsemea anayembeba. Ni desturi ya akina bibi, haimo katika karatasi yoyote. Paulin alizaliwa mjini, alidhani imekufa. Ndiyo maana alikosea kumwita Agar pamoja na mtoto, badala ya kusoma uamuzi ofisini peke yake. Mchungaji Jéthro alitoka mlima mmoja na sisi. Nilimwona anatazama miguu ile inayoning'inia, kisha anatazama Biblia yake iliyofungwa.

"Direkta," akasema polepole, "iko mugongoni."

"Minaona, Mchungaji. Njo maana ninaomba ashuke."

"Hauone bado."

Papa Christa aliinuka. Alikuwa mtu mnene, wa hasira ya haraka, na alikuwa na haki ya kukasirika.

"Miye nitasema na mwenye kumubeba, basi. Mwalimu, mutoto wangu iko na alama kwa mukono. Atakuwa nayo siku ya kuolewa. Nitaambia bakwe nini?"

"Bwana Papa Christa, pole sana," Agar akasema. "Ile ilikuwa mara ya pili. Toka ile siku nilimubeba, amesha gusa tena mutoto wa mutu?"

"Hapana," akasema.

"Amenigusa miye. Mutoto akiuma ziwa la mama yake, mama anaendaka kushitaki kwa chifu?"

Mama mmoja wa kamati alicheka, akafunika mdomo. Yule mwingine alisema chini chini kwamba yeye angeshitaki, wake wa mwisho alimtoboa kabisa, na hapo wakacheka wote wawili. Hata Papa Christa alikaa chini.

Paulin hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu; siku hizo hakuna direkta aliyelala vizuri. Alisema kwamba yeye hakuitunga sheria, aliikuta. Alisema akimwacha mmoja, kesho wazazi mia watakuja na watoto wao mgongoni. Alisema sheria ya marehemu haina mgongo wala tumbo. Kisha akanigeukia.

"Mama, useme weye. Ni sheria ya bwana yako. Ukisema aondoke, anaondoka. Ukisema abakie, utueleze bale bengine makumi mbili na munane tulibaondoa juu ya nini."

Lilikuwa swali la haki, na lilikuwa limenisubiri tangu Septemba. Nilisimama.

"Ile sheria niliipiga mashine miye mwenyewe," nikasema. "Mwaka wa themanini na tatu, mezani kwangu. Siméon aliiandika juu ya bavijana ba mwaka wa tano na wa sita, bale balikuwa banatoroka kuchimba dhahabu na kurudia hapa na pombe. Iliandikwa vile: wa tano na wa sita. Batoto ba mwaka wa kwanza habakuwa ndani. Bwana yangu hakuondoaka mutoto mwenye hajui kufunga viatu."

"Na weye unajua ile siku zote?" Paulin akauliza.

"Siku zote."

"Juu ya nini haukusema?"

"Hakuna mutu aliniuliza."

Halikuwa jibu la kweli, na nadhani Agar alilijua, maana alinitazama mara moja akatazama chini. Jibu la kweli ni kwamba nilipenda sheria ile iwe kubwa. Kadiri ilivyogusa watoto wengi, ndivyo jina letu lilivyotajwa. Sasa nilisema, na nilisema kwa sababu jina hilohilo lilikuwa limeanza kunuka mkojo wa watoto. Nilisema pia habari ya Kambere na ile kamba ya barabarani, na salamu alizopewa direkta. Nilizifikisha kama nilivyopewa. Paulin alivua miwani yake akaishika muda mrefu.

Uamuzi ulichukua saa nzima nyingine na ulikuwa mdogo. Kakule atabaki mpaka mwisho wa mwaka, kwa sharti kwamba awe mgongoni kwa mwalimu wake au kando yake, na akimuuma mtoto mwingine hapatakuwa na baraza. Kuhusu sheria yenyewe, Mchungaji alisema jambo la madarasa madogo litapelekwa kwenye mkutano wa kanisa. Barabara za kwenda kwenye mkutano huo zilikuwa zimefungwa tangu mwaka jana, na wote tulilijua hilo.

"Na bale makumi mbili na munane?" Agar akauliza. "Barudi?"

Paulin alisema mabenchi hayapo. Papa Christa alisema watoto waliokwisha kaa sokoni miezi mitatu wataharibu waliobaki. Akina mama walitazama dirisha, mvua ilikuwa inakuja.

"Mwalimu," Mchungaji Jéthro akasema, "Mungu ametupa mumoja leo. Tuombe, tufunge."

Tuliomba, tukafunga.

Agar na mimi, tukimrudisha Kakule kwa nyanya yake, tulipita barabara kubwa, kwa sababu ile ya chini ilikuwa imeharibika. Alitembea ameinama, mkono mmoja kiunoni, kama mwanamke wa miaka sabini. Hakuwa na hamsini. Kila hatua ishirini alisimama, akijifanya anarekebisha kikwembe. Kakule alikuwa amelala. Kwenye maduka ya vitambaa hakuweza kuendelea. Alishika nguzo ya kibaraza cha duka.

"Wende, mulamu," akasema. "Nitakuja."

"Nipe."

"Nini?"

"Mutoto. Nipe nimubebe mpaka kwenye kona."

Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Nilikuwa nimevaa nguo zangu za baraza. Mlinzi wa duka, mwanamke aliyekuwa anapima kitambaa, na wasukuma chukudu watatu walikuwa wamekwisha kugeuka. Niliinama. Agar alifungua kikwembe, akamhamisha Kakule mgongoni kwangu, akanifunga fundo kifuani kwa nguvu, kama mtu anayefunga mzigo usio wake.

Tulikuwa tumepita maduka mawili mtoto alipoamka akakuta mgongo mgeni. Aliniuma begani, juu kidogo ya kamba ya sidiria, na meno yake yalikuwa makali kuliko nilivyodhani. Agar alitaka kusema kitu. Nilimwonyesha kwa mkono tuendelee. Watu walikuwa wanatazama, na mke wa Lusenge hapigi kelele barabarani. Nilivuta pumzi ndefu, nikaiachia, nikavuta nyingine, ili aisikie. Kufika kwenye kona alikuwa ameachia, lakini sikumteremsha hapo, maana Agar alikuwa bado nyuma, na kutoka hapo hadi nyumbani kwa yule nyanya njia yote ni mlima.